Karani Asipewe Kitu

Asubuhi hiyo Mzee Jalada alikuwa amekwisha kuwagombeza watu watatu kabla hajanawa uso. Alimgombeza mwanawe, aliyekuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu. Akamgombeza mkwewe, muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu, mkoba bado begani. Akamgombeza mjukuu wake kupitia mlango uliofungwa, maana huyo alikuwa kitandani. Kosa lao wote lilikuwa moja: Karani ametapika.

Karani alikuwa mbwa. Jina alilipata kwa tabia yake ya kukaa kando ya meza ya kazi, kifua mbele, macho kwenye karatasi, kama mtu aliyeajiriwa kuhesabu kurasa. Alikuwa na miaka kumi na moja, rangi ya kahawia iliyopauka, sikio moja limesimama na la pili limekata tamaa. Alitapika mara tatu katika chumba cha mbele, na mara ya tatu alilenga juu ya karatasi zilizokwisha kukunjwa tayari kushonwa. Alipotolewa uani aliharisha maji matupu, kisha akalala palepale, jambo ambalo Karani, mbwa mwenye heshima zake, hakuwahi kulifanya.

"Nani amempa nini?" Mzee Jalada aliuliza.

"Baba, mimi nimeingia sasa hivi," mkwewe alisema. "Hata viatu sijavua."

"Sikuuliza viatu."

"Mimi simpi kitu, mzee," alisema mwanawe, aliyekuwa mtunza ghala wa kampuni ya vifaa vya ujenzi na aliyezoea kuulizwa kitu kimekwenda wapi. "Labda amekula jalalani."

"Karani hatoki getini bila mimi. Majalala anayasikia tu."

Kutoka nyuma ya mlango mjukuu, kwa sauti nzito ya usingizi na kwa utani wao wa kawaida, alisema, "Mume wangu, kelele za nini? Hata jogoo ana haya kuliko wewe."

"Toka useme umempa nini mbwa."

"Nimempa talaka yako akuletee. Hajakupa?"

Mwanawe alicheka puani, akakatiza alipoona uso wa baba yake. Mzee Jalada hakuwa na kicheko siku hiyo. Hakuwa nacho siku nyingi.

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana kwa miaka arobaini na tatu: kibanio cha chuma kilichofungwa mezani kwa parafujo nne, sindano zilizopinda, uzi uliopakwa nta, visu vya kukatia kingo, na sufuria nyeusi ya gundi ya unga. Hapo yalipita madaftari ya mahakama, rejista za shule, na vitabu vitakatifu vya koo nzima vilivyoachana na migongo yao. Kusoma nako alijifunzia humo. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki, lakini hakuna kitabu kilichotoka mkononi mwake bila kusomwa. Alisoma sheria za mipaka ya mashamba. Alisoma habari za nyota. Alisoma juzuu tatu za magonjwa ya mifugo, za ng'ombe, mbuzi na kuku. Ya mbwa, alivyoambiwa, ilikuwa ya nne, na mwenyewe hakuileta.

Sasa madaftari yamekwisha. Mahakama inaandika kwenye mashine, shule zinanunua vitabu vilivyobandikwa kwa gundi ya kiwandani, vinapukutika kabla mtoto hajafika ukurasa wa thelathini, na hakuna anayeona aibu. Kitu kikikatika kinatupwa. Mzee Jalada alikuwa akipata kazi moja kwa mwezi, tena ya mzee mwenzake.

Lakini lililomchoma zaidi halikuwa kazi. Lilikuwa meza ya chakula.

Marehemu mkewe alikuwa na saa moja ya kupakua. Ikifika, sinia linawekwa chini, watu wananawa, na hakuna mkono uliotangulia mpaka wa mwisho ameketi. Aliyechelewa alitafutwa. Mtu akiwa na kinyongo na mwenzake alikimeza pamoja na tonge, kwa sababu huwezi kuchovya mchuzi mmoja na mtu huku umemnunia. Mbwa wa siku zile alipewa chake baada ya watu, mara moja, uani, na wote wakaona amepewa nini. Hakuna mbwa aliyeugua tumbo.

Siku hizi sufuria ilikuwa moja na saa zilikuwa nne. Mwanawe alikula alfajiri amesimama jikoni, funguo za ghala mkononi. Mkwewe alikula zamu ilipomtapika, leo asubuhi, kesho saa kumi jioni. Mjukuu, msusi wa saluni, alikula chakula cha kwenye boksi kilicholetwa na pikipiki, amejifungia chumbani na simu yake. Na yeye, mwenye nyumba, aliachiwa sahani mezani imefunikwa sahani nyingine, kama mfungwa wa daraja la kwanza. Nyumba ya watu wanne, na hakuna aliyejua mwenzake amekula nini.

Mkwewe alivua mkoba, akapiga magoti mbele ya Karani. Alimfunua mdomo akaziangalia fizi, akazigusa kwa kidole. Akambana ngozi ya shingo, akaiachia, akatazama inavyorudi.

"Hajakauka bado," alisema. "Lakini mpeleke kwa daktari wa mifugo, baba."

"Nimesoma magonjwa ya mifugo."

"Umesoma ya ng'ombe, baba."

Mwanawe alikuwa amefungua droo, akachomoa karatasi ya vidonge. "Hivi vilinifunga tumbo juzi. Nusu tu."

"Rudisha," mkewe alimwambia. "Dawa ya mtu inaweza kumuua mbwa. Mimi ninayegawa dawa kutwa kucha sithubutu, sembuse wewe wa saruji na misumari."

Mzee Jalada alimlaza Karani kwenye mkokoteni wake wa kubebea karatasi, juu ya gunia lililokunjwa, akausukuma mwenyewe mitaa miwili. Watu walimpisha, wengine wakacheka. Yeye alitazama mbele.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya koti iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, na chumba chake kilinuka dawa ya sakafu. Alimpima Karani joto, akamminyaminya tumbo, akauliza kama kuna damu katika haja. Hakuna. Kama anashika maji. Kidogo.

"Tumbo limechafuka, mzee. Amekula kitu cha mafuta, au amekula vingi mchanganyiko. Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne."

"Anayemlisha nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Hakudhani kwamba amesema uongo. Kulisha, kwake, kulikuwa bakuli la jioni: alilijaza yeye, aliliosha yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ile nyama ya mchana haikuwamo katika hesabu. Kila siku mkwewe alimwachia vipande vitatu vinne vya nyama ya ng'ombe, na kila siku Mzee Jalada alivishusha chini ya meza kimoja baada ya kingine, na Karani akavipokea kwa adabu, bila kelele. Hicho hakikuwa chakula. Kilikuwa mazungumzo.

Ukweli ni kwamba magego ya mwisho ya Mzee Jalada yalikuwa yametoka mwaka uliopita, na nyama ile ilimshinda. Kusema alikataa. Alijua kitakachofuata: atapikiwa chake, laini, kwenye kisufuria cha peke yake. Na mtu aliyetengewa sufuria, kwa fikra zake, ameshatolewa mguu mmoja nje ya nyumba.

Daktari alimpa maelekezo, naye akayaandika nyuma ya kipande cha jalada. Leo asile kitu mpaka jioni. Maji apewe kidogo kidogo, asiachiwe bakuli zima akalibugia na kulirudisha. Jioni wali uliopikwa ukalainika, na kidari cha kuku kilichochemshwa, bila ngozi, bila mfupa, bila chumvi, bila kitunguu, bila tone la mafuta. Vijiko vitatu, si bakuli. Baada ya saa kadhaa, vingine vitatu. Hivyo kwa siku tatu, ndipo arudishwe pole pole kwenye chakula chake. "Na kitu kingine chochote kisiguse ulimi wake," daktari alisema. "Huyu ni mzee. Kijana akiharisha ana akiba. Mzee hana."

Mzee Jalada aliyachukua maneno hayo kama aliyeambiwa yeye.

Aliporudi alichukua kadi nyeupe mbili, kalamu ya nibu, na wino aliouhifadhi kwa ajili ya majina ya wakubwa. Akaandika kwa herufi za kusimama: KARANI ASIPEWE KITU. Moja aliibandika juu ya jiko kwa gundi ya unga, ya pili juu ya mlango wa uani. Kwa gundi yake, mtu angetaka kuing'oa kadi ile angeondoka na ukuta.

Siku ya kwanza alikaa na mbwa kutwa, kikombe cha maji mkononi. Vijiko viwili kila nusu saa. Karani alilamba, akatazama jikoni, akaugulia kidogo. "Vumilia," alimwambia. "Mimi hunisikii nikiugulia." Jioni mkwewe alipika wali ukawa kama pamba, akachambua kidari nyuzi nyuzi. Vijiko vitatu vilikwenda, vikakaa. Siku ya pili Karani alisimama, akafuata kivuli cha meza, akaketi mahali pake kama karani aliyetoka likizoni. Haja yake ilianza kushikana. Mzee Jalada alifurahi, lakini kwa kuwa hasira alikuwa ameshaiwasha hakuona sababu ya kuizima. Alimgombeza mjukuu wake kwa ajili ya maboksi na mwanawe kwa ajili ya kula amesimama kama farasi.

Siku ya tatu asubuhi Karani alitapika tena.

Safari hii hakuinuka baadaye. Alilala ubavu, ulimi nje, na alipoitwa jina lake ni lile sikio lililosimama tu lililosogea. Mzee Jalada alichukua kijiti akayachambua matapishi juu ya gazeti, pole pole, kama alivyokuwa akichambua kurasa zilizoshikana kwa maji. Alikuta ngozi ya kuku ya kukaanga. Alikuta duara la soseji. Alikuta ute mweupe wa maziwa yaliyoganda. Alikuta na nyuzi za kahawia, ndefu, akazipita haraka.

Alimpigia daktari simu. Daktari hakupoteza salamu.

"Mzee, nilisema wali."

"Ulisema."

"Mpe maji kijiko kimoja kimoja. Akiyarudisha, au akishindwa hata kuinua kichwa, usingoje, mlete nimtundike dripu. Lakini nisikudanganye. Kwa umri huu, hapo ni kudra."

Mzee Jalada aliweka simu mezani. Kisha akaenda kupiga milango kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, akavuta viti vinne chumba cha mbele. Ilikuwa Jumapili, kwa bahati wote wapo. Waliketi kuzunguka mbwa, mwanawe na fulana yake ya ndani, mkwewe na kitambaa cha kulalia kichwani, mjukuu na kope za bandia upande mmoja tu. Hawakuwa wameketi hivyo tangu siku ya matanga ya bibi mwenye nyumba.

Gazeti aliliacha wazi katikati yao.

"Someni," alisema.

Mjukuu alitazama, akaziba pua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ngozi ni yangu, babu."

"Tangazo hukuliona?"

"Nililiona. Nilidhani unamwambia baba."

"Kwa nini baba yako?"

"Kwa sababu yeye ndiye anayempaga soseji asubuhi."

Mwanawe aligeuka. "Kipande kimoja tu, mzee. Kimoja kwa siku. Mbwa ameshinda na njaa siku nzima, ananitazama nakula. Na nilijua hakuna mwingine anayempa kitu, maana mmeandikiwa."

"Mmeandikiwa," Mzee Jalada alirudia. "Na wewe hujui kusoma?"

"Maziwa ni yangu," mkwewe alisema, kabla hajaulizwa. Alikuwa ametazama chini. "Kisosi tu. Nilirudi usiku wote mmelala, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni. Huruma ilinizidi. Mimi, muuguzi."

Hapo Mzee Jalada alisimama, na yaliyokuwa kifuani yakatoka yote. Aliwaambia kwamba hawana nyumba, wana kituo cha mabasi. Kila mtu anapita na mfuko wake. Kwamba zamani mbwa alilishwa na mkono mmoja kwa sababu watu walikula kwa mkono mmoja. Kwamba kila mmoja wao amejiona peke yake ndiye mwenye huruma duniani, akaifanya kwa siri, na huruma nne za siri zimemlaza mnyama chali. Aliwaambia wamtazame. Wangekuwa wanazungumza, hata kwa kutukanana, angekuwa mzima. Akaendelea na habari za vitabu vya kubandikwa, ambazo hazikuhusu.

Mkwewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa wa kazi, ule wa kumngoja mgonjwa amalize kulalamika ndipo umchome sindano.

"Baba," alisema, "umesema huruma nne. Sisi tuko watatu."

Mzee Jalada alitaka kulikunja gazeti.

"Na hizo nyuzi za kahawia ni nini? Nyama ya ng'ombe niliipika jana mimi. Niliipakua sahani moja tu katika nyumba hii."

Mjukuu alimtazama babu yake. Kwa mara ya kwanza siku zile hakuwa na utani.

"Hicho ni kitu kingine," Mzee Jalada alisema.

"Kitu gani?"

"Hicho..." Alishika ukingo wa kibanio. "Siwezi kuitafuna."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana, baba?" Mkwewe aliinuka pole pole. "Mwaka mzima natoka zamu, miguu imevimba, napita buchani nachagua ile isiyo na mafuta kwa ajili yako, naipika nusu nikisinzia. Mwaka mzima sahani inarudi nyeupe. Nawaambia wenzangu wodini, baba mkwe wangu hali chakula cha mtu mwingine, nyama yangu haiachi hata mchuzi. Kumbe nampikia mbwa!"

"Mke wangu," mwanawe alisema.

"Nyamaza wewe na soseji yako. Baba, mimi ni nani kwako? Jirani? Wagonjwa nisiowajua wananiambia mpaka siri za choo, wewe umeshindwa kuniambia jino?"

Mzee Jalada alitafuta hasira yake ya muda mfupi uliopita, akakuta imehamia kwa mwenzake, na kwake ilikuwa imekaa vizuri zaidi. "Nilijua utanitengea sufuria," alisema.

"Ningesaga nyama kwenye sufuria hiyohiyo! Tungekula sote laini, nani angekufa?" Alivuta pumzi. "Sasa sikiliza. Kuanzia leo Karani namlisha mimi. Bakuli ni langu. Nisipokuwepo nitapima, nitafunika, nitaandika saa, na mtakayemtuma ampe namchagua mimi. Na wewe si miongoni mwao. Ukimshushia hata chembe ya wali, nitajua, maana kazi yangu ni kutazama kinachotoka ndani ya watu."

Kumnyang'anya Mzee Jalada bakuli lile kulikuwa sawa na kumnyang'anya sindano. Miaka kumi na moja. Alimtazama Karani aliyelala ubavu.

"Mpe maji," alisema. "Nusu saa imefika."

Mkwewe alichukua kijiko. Karani alilamba kimoja. Wote wanne walikaa wakitazama koo la mbwa kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hakurudisha. Nusu saa ikapita, kijiko kingine. Saa sita mchana alikuwa ameshika vijiko tisa na fizi zake zilikuwa na unyevu. Saa tisa aliinua kichwa, akauangalia umati ule uliomzunguka, akaonekana kukerwa. Jioni alikula kijiko kimoja cha wali, na kesho yake vitatu, na vikakaa. Daktari alipopigiwa simu alisema, "Nani anamlisha?" Mzee Jalada alisema, "Mkwe wangu." Alilisema kama mtu anayetema mwiba.

Siku ya sita mkwewe alipakua saa moja jioni, akaita mara moja, akaongeza kwamba hafuniki sahani ya mtu tena; asiyekuwepo atajipakulia kilichobaki, kama kipo. Mwanawe alikuja, akakaa, hakujua miguu aiweke wapi. Mjukuu alipita na boksi lake akaenda chumbani. Pikipiki ilikuwa imemtangulia mama yake. Hakuna aliyemfuata kumtafuta. Zamani angetafutwa. Mzee Jalada aliliona hilo, akalihesabu, akakaa nalo.

Nyama ilikuwa imesagwa. Ilikuwa laini, ilikuwa na chumvi ya kutosha, na alichukia kuona ni tamu.

Karani alikuwa amekwisha kula chake uani. Sasa alikuja akaketi pembeni ya goti la Mzee Jalada, mahali pale pale, kifua mbele, akangoja. Alingoja kwa imani ya mbwa ambaye hajawahi kunyimwa. Mkono wa mzee ulishuka chini ya meza wenyewe, mtupu, kwa mazoea. Karani aliunusa, akaulamba, akamwinulia mzee macho.

Mkwewe aliacha kutafuna.

"Usinitazame mimi," Mzee Jalada alimwambia mbwa kwa ukali. "Nenda kamtazame mwenye bakuli."

Karani hakwenda. Alisogea karibu zaidi, akaegemeza kidevu juu ya goti. Mzee Jalada aliuondoa mkono, akageuza kiti mpaka mbwa akabaki nyuma ya mgongo wake, akaendelea kula.